Uyoga wa Kichuguu: Maisha ya Roger Heim na Funzo Lake kwa Washarika

Mvua za mwanzo zinapoanza kunyesha katika mkoa wetu wa Songwe, kumbikumbi huruka usiku kufuata taa, na baada ya muda uyoga hutokeza kwenye vichuguu. Akina mama huamka alfajiri na vikapu na ndoo, wauwahi kabla ya wengine. Uyoga huo huchemshwa, huungwa kwa karanga, na unaobaki hukaushwa juani uwe akiba ya miezi ya shida. Kwetu ni mboga ya msimu. Ikija tunamshukuru Mungu, wala hatuulizi mengi juu yake.

Insha hii inasimulia maisha ya mtu aliyeuliza mengi juu yake. Jina lake ni Roger Heim, Mfaransa, mtaalamu wa mimea na hasa wa uyoga na kuvu za kila namna. Ndiye aliyeupa uyoga wa kichuguu jina unaloitwa na wataalamu duniani kote hadi leo. Katika maisha yake alionja kambi za mateso za Wanazi. Alipotoka huko akiwa hai, alitumia miaka iliyobaki kuwaonya watu wasiiharibu dunia waliyopewa.

Mpendwa msomaji anaweza kuuliza: mtaalamu wa uyoga anaingiaje katika kitabu cha imani? Heim hakuwa mchungaji wala mmisionari, na hatumsomi hapa kama mtakatifu. Tunamsoma kwa sababu Maandiko yenyewe yametufundisha kujifunza kwa viumbe vidogo. Mithali sura ya 6 inamtuma mvivu aende kwa chungu akatazame njia zake. Ayubu sura ya 12 inatuambia tuwaulize wanyama, ndege na nchi yenyewe, nao watatufundisha. Heim alifanya hivyo maisha yake yote, na aliyoyaona yanatuhusu sisi tunaoishi katikati ya vichuguu.

Kijana aliyeacha uhandisi

Roger Heim alizaliwa Paris tarehe 12 Februari 1900. Alisomea kwanza uhandisi katika chuo cha École Centrale, moja ya shule zilizoheshimika sana Ufaransa. Njia ya mhandisi wa wakati ule ilikuwa pana: viwanda, reli, madaraja na mshahara mzuri. Lakini kijana huyu alivutwa na mambo mengine. Aliingia katika Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe mjini Paris, taasisi ambayo kwa karne nyingi imekusanya mimea, wanyama, mawe na mifupa kutoka pande zote za dunia. Huko akachagua somo ambalo wengi walilidharau, yaani kuvu na uyoga.

Tukumbuke kwamba wakati ule uyoga ulihesabiwa kuwa aina ya mmea duni. Leo tunajua kwamba kuvu si mimea kabisa, wala si wanyama, bali ni kundi lake lenyewe. Uyoga tunaouchuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu umefichika chini ya ardhi au ndani ya gogo, nao ni nyuzi nyembamba sana zinazotambaa na kula vitu vilivyokufa, au kushikana na mizizi ya miti iliyo hai. Mtu anayetaka kuuelewa uyoga sharti akubali kufanya kazi na kisichoonekana kwa urahisi.

Heim alikubali. Mwaka 1931 alitoa utafiti wake mkubwa juu ya kundi moja la uyoga mdogo wa rangi ya udongo, ambao mpita njia hawezi hata kuinama kuutazama. Mwaka 1936 alianzisha jarida la elimu ya uyoga. Katika miaka hiyo ya 1930 alisafiri hadi Madagascar, ng'ambo ya bahari yetu, akachunguza uyoga wa misitu ya mvua ya upande wa mashariki wa kisiwa kile.

Uyoga mwingi wa namna aliyoichunguza Madagascar unaishi kwa kushirikiana na miti. Hata kwetu, mwenye uzoefu wa misitu ya miombo anajua kwamba kuna uyoga unaoota chini ya miombo na mikusu tu. Hauoti shambani wala kwenye kichuguu. Sababu ni kwamba nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya mti. Kuvu huusaidia mti kufyonza maji na rutuba ya udongo, na mti huipa kuvu sukari inayotengenezwa na majani. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa, uyoga ule hautarudi mwaka unaofuata, hata mvua ikinyesha vizuri namna gani, kwa kuwa mwenzake hayupo tena.

Siri ya kichuguu

Kazi inayotugusa sisi zaidi ni ile ya Heim juu ya uyoga wa mchwa. Yeye hakuwa wa kwanza kuandika habari zake. Mwaka 1779 Johann Gerhard König, daktari aliyekwenda India kuhudumu katika misheni ya Tranquebar, aliandika kwamba ndani ya vichuguu kuna kuvu. Baada yake wataalamu wengi wa Ulaya waliupokea uyoga wa aina hii kutoka India, Sri Lanka na Afrika. Kila mmoja aliuweka katika kundi alilodhani linafaa, kwa kufuata umbo la kofia au rangi ya vijimbegu. Kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja walikuwa wametawanywa katika vitabu kama watu wasiojuana.

Heim aliwarudisha ndugu hao pamoja. Aliona kwamba kinachowaunganisha ni maisha yao: wote wanaishi na mchwa, na wengi wao wanatoka ndani ya kiota chao kwa shina refu linalopenya udongo kama mzizi. Mwaka 1942 aliwapa jina moja la ukoo, Termitomyces, maana yake uyoga wa mchwa. Jina hilo halijabadilika.

Yafaa tueleze jinsi ushirika huo unavyofanya kazi, maana wengi wetu tumekula uyoga huu miaka mingi bila kujua habari zake.

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hukusanya nyasi kavu, majani na vipande vya miti. Chakula hicho ni kigumu, na tumbo la mchwa peke yake haliwezi kukimeng'enya chote. Basi wafanyakazi hutafuna, hukipitisha tumboni upesi, kisha hukiweka katika vyumba vya chini kwa umbo la sega, linalofanana kidogo na sega la nyuki. Juu ya sega hilo huota kuvu nyeupe yenye vidonge vidogo. Kuvu ndiyo inayovunja ugumu wa miti na kuugeuza kuwa chakula laini. Mchwa hula vidonge hivyo, na hula pia sega likishaiva. Wao ni wakulima, na kuvu ni shamba lao.

Nao hulitunza shamba hilo kwa bidii. Kichuguu kimejengwa kwa njia za hewa, hata vyumba vya sega hukaa na unyevu na joto karibu nyuzi 30, nje kuwe na baridi au jua kali. Kuvu ngeni zikijaribu kuota ndani, mchwa huziondoa. Mtu akibomoa kichuguu na kuliacha sega bila mchwa, kwa siku chache tu huvamiwa na ukungu mwingine na kuharibika.

Mvua zikifika, kuvu hutuma shina juu. Shina hilo husafiri kutoka chumbani, wakati mwingine kwa kina kirefu, hupasua udongo mgumu, kisha kofia hufunguka kwenye mwanga. Hapo ndipo akina mama huukuta. Kofia hiyo hudondosha vijimbegu visivyohesabika. Katika aina nyingi za mchwa, kumbikumbi wawili wanaoanzisha kiota kipya huanza bila kuvu, na watoto wao wa kwanza wakitoka nje kutafuta chakula hurudi na vijimbegu hivyo, ndipo shamba jipya huanza. Ipo pia aina ndogo nyeupe inayotanda chini kama punje. Hiyo huota juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wenyewe wamevitoa nje.

Mchwa hawa hawawezi kuishi bila kuvu yao, na kuvu hiyo haijulikani kuishi popote pasipo mchwa. Ushirika huu upo Afrika na Asia tu. Hapa jirani, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Zambia ina aina yake iliyo kubwa kupita zote, ambayo kofia yake hufikia karibu mita 1 kwa upana. Wataalamu David Pegler na Graham Piearce waliiandika rasmi mwaka 1980, lakini walaji wake walikuwa wakiijua tangu zamani.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 12, anafundisha kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Anayetaka kuliona neno hilo likiwa limeandikwa ardhini na akakitazame kichuguu. Mchwa ni mdogo, hapendi jua, na ndege humla kwa urahisi. Kuvu haina mguu wala jicho. Wakiwa pamoja wanajenga mlima unaomzidi mtu kimo.

Njia ya giza

Turudi kwenye mwaka 1942. Heim alipoandika jina la uyoga wa mchwa, Paris ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani tangu Juni 1940. Bendera ya Hitler ilipepea mjini. Wayahudi walikuwa wakikamatwa majumbani mwao, na mtu alikuwa na hofu hata ya jirani yake. Mtaalamu wa uyoga angeweza kujifungia na hadubini yake akasubiri vita viishe. Heim aliingia katika harakati za siri za kuupinga utawala wa Wanazi. Alichongewa, akakamatwa, akapelekwa Ujerumani katika kambi ya Buchenwald, kisha Mauthausen na Gusen nchini Austria.

Majina hayo yanahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa kizazi cha sasa huyasikia kwa mbali. Buchenwald ilifunguliwa mwaka 1937 karibu na mji wa Weimar. Watu wapatao 56,000 walikufa humo. Hapo ndipo alipofungwa mchungaji Paul Schneider wa kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani, ambaye aliwahubiria wafungwa wenzake kupitia dirisha la chumba chake cha mateso mpaka alipouawa tarehe 18 Julai 1939. Mauthausen na Gusen zilijengwa kando ya machimbo ya mawe. Wafungwa walibebeshwa mawe mazito na kupandishwa ngazi ndefu za machimbo, na aliyeanguka alipigwa au kuuawa. Kati ya watu wapatao 190,000 waliopelekwa Mauthausen na kambi zake ndogo, si chini ya 90,000 hawakutoka hai.

Kwa sisi wa nyanda za juu kusini jambo hili lina uchungu wa pekee. Injili ilifika kwetu kwa mikono ya Wajerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na mwaka huohuo wale wa misheni ya Berlin wakaanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Nyimbo tunazoimba na utaratibu wa ibada zetu vina alama yao. Haikupita hata miaka 50 kabla ya taifa lilelile kujenga kambi za kuwaangamiza watu. Wako Wakristo waliopinga na kuuawa kama Schneider. Wako wengi walionyamaza, na wako waliounga mkono huku wakiendelea kwenda kanisani Jumapili. Hakuna taifa wala kabila lililopewa kinga. Kanisa linaloimba vizuri linaweza kulala usingizi wakati jirani anachukuliwa.

Askari wa Marekani walifika Mauthausen na Gusen tarehe 5 Mei 1945. Heim alikuwa miongoni mwa waliorudi. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya aliyoyapitia, na kichwa chake kwa Kiswahili ni Njia ya Giza. Halafu akarudi kwenye uyoga.

Wapo watakaoshangaa kwamba mtu aliyetoka mahali kama pale alirudi kwenye kitu kidogo namna ile. Lakini tazama alikotoka. Kambini mtu alihesabiwa kuwa namba, akatumika mpaka nguvu zikaisha, kisha akatupwa. Kilichokuwa dhaifu hakikuwa na haki ya kuwepo. Katika kichuguu na chini ya mwombo Heim alikuwa ameona utaratibu mwingine, ambamo kiumbe kimoja kinaishi kwa sababu kingine kinaishi. Alikuwa amesomea utaratibu huo miaka ishirini kabla hajafungwa, na aliuchukua tena alipofunguliwa. Hiyo nayo ni namna ya kukataa kushindwa na uovu.

Kuitetea dunia

Mwaka 1946 Heim alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka 1951 akawa mkurugenzi wa Makumbusho yale aliyoingia akiwa kijana. Alikaa katika kiti hicho hadi 1965. Hakuacha Afrika. Mwaka 1958 alitoa sehemu ya uyoga wa mchwa katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya uyoga wa Kongo, wenye picha za rangi zilizochorwa na Mama Goossens-Fontana, aliyeishi Kongo na kuuchora uyoga ukiwa bado mbichi. Katika miaka ya 1960 alianzisha kituo cha utafiti La Maboké, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kitabu chake kuhusu mchwa na uyoga kilitoka mwaka 1977, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Lakini kazi iliyomtoa nje ya maabara ilikuwa kuonya. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya uharibifu wa maumbile na namna ya kuyahifadhi. Wakati ule dunia ilikuwa imelewa maendeleo. Misitu ilikatwa kwa mashine mpya, mabwawa yalijengwa, na dawa ya DDT ilinyunyizwa kila mahali kama baraka. Heim alisema kwamba mwanadamu anakata tawi alilokalia. Rachel Carson wa Marekani alipotoa mwaka 1962 kitabu chake mashuhuri juu ya hatari ya sumu za wadudu, kilipotafsiriwa Kifaransa mwaka uliofuata Heim ndiye aliyekiandikia dibaji.

Kuanzia 1954 hadi 1958 alikuwa rais wa umoja wa kimataifa wa kuhifadhi maumbile, IUCN, ulioanzishwa Fontainebleau, karibu na Paris, mwaka 1948. Umoja huo una historia na nchi yetu. Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulishiriki kuandaa mkutano mkubwa wa uhifadhi mjini Arusha. Hapo Mwalimu Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Tamko la Arusha la uhifadhi, ambamo aliahidi mbele ya ulimwengu kwamba serikali ya Waafrika itawatunza wanyama pori na mahali wanapoishi, kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Kwa hiyo wito ambao Heim na wenzake waliubeba Ulaya ulifika katika ardhi yetu mapema, na ukapokewa na kiongozi wetu kwa kinywa chake.

Ujuzi una gharama

Haitakuwa haki kuyapamba maisha haya na kuacha sura moja ngumu. Mwaka 1956 Heim alisafiri hadi Mexico pamoja na Gordon Wasson, mfanyakazi wa benki wa Marekani aliyependa habari za uyoga. Katika milima ya Oaxaca watu wa kabila la Wamazateki walikuwa na uyoga unaobadilisha fahamu, ambao waganga wao waliutumia usiku katika kuombea wagonjwa. Heim aliuchunguza, akaupa majina ya kitaalamu, akauotesha Paris, na akampelekea Albert Hofmann wa Uswisi, ambaye mwaka 1958 alitambua kemikali iliyomo.

Kama utafiti, kazi ilikuwa safi. Matokeo yake kwa wenyeji yalikuwa mengine. Habari zilipoenea, vijana wa mataifa tajiri walimiminika katika kijiji cha Huautla kutafuta kulewa. María Sabina, mwanamke mganga aliyewapokea wageni wa kwanza, alilaumiwa na watu wake, nyumba yake ikachomwa moto, akafa maskini mwaka 1985. Sisi hatukubaliani na ibada ya namna ile. Hata hivyo tunaweza kuona dhuluma iliyotendeka: wageni walichukua ujuzi wa watu wadogo wakapata sifa, na mzigo ukabaki kwa mwenye nyumba. Anayefungua mlango hana uwezo wa kuchagua nani ataingia nyuma yake. Neno hili linamhusu mtafiti, mfanyabiashara na hata mhubiri.

Roger Heim alifariki Paris tarehe 17 Septemba 1979.

Tufanye nini sisi?

Mwanzo sura ya 2 inasema mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Kulima tunakujua vizuri hapa Ileje. Mahindi, maharage na kahawa yetu ni ushahidi. Kazi ya pili ndiyo tunayoiahirisha. Nashauri mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa washarika wa Itumba.

La kwanza ni vichuguu. Udongo wake ni mzuri kwa tofali, na kila anayejenga anautamani. Mchwa pia huingia nyumbani na shambani, na mkulima ana haki ya kulinda mazao yake. Lakini kubomoa kila kichuguu tunachokiona, au kumwaga sumu mahali ambapo hakuna shamba wala nyumba, ni kung'oa shamba ambalo hatukulipanda na ambalo hatuwezi kulipanda tena. Uyoga huu hauoteshwi kwa mbegu bustanini kama mchicha. Tuviache vichuguu vya porini, na hata vya pembezoni mwa shamba pale inapowezekana.

La pili ni miti. Tunapoukata msitu wa asili kwa mkaa tukapanda misindano mahali pake, tumepata mbao, lakini hatujaurudisha msitu. Uyoga wa miombo na mikusu hauji na misindano. Shirika lenye eneo lake, hata ekari chache, linaweza kuacha sehemu ya miti ya asili isimame na kujirudia. Miche ya kupanda ni vyema ichanganywe, ya mbao na ya asili.

La tatu ni ujuzi wa wazee wetu, hasa wa bibi zetu. Wao wanajua uyoga upi unaliwa na upi unaua, unaota mwezi gani, na chini ya mti upi. Mwaka 2003 wataalamu Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya waliyoyaandika kuhusu ulaji waliyapata kwa wanavijiji. Elimu hiyo haimo katika simu za vijana wetu. Mtoto asiyefundishwa atakuja kuchuma uyoga wa sumu akidhani ni ule wa nyumbani, na uyoga wa sumu haumsamehe aliyekosea. Shule ya Jumapili msimu wa mvua ingeweza kumwalika bibi mmoja awaonyeshe watoto. Kanuni yake ya kwanza watoto waishike: usichokijua usikichume, wala usikionje.

La nne ni dhamiri. Heim hakuishia kwenye hadubini wakati jirani zake walipochukuliwa. Washarika wanaofurahia kazi ya Mungu katika viumbe hawawezi kufumba macho mbele ya mtu anayeonewa, awe mjane anayenyang'anywa shamba la marehemu mumewe au mzee anayesingiziwa uchawi. Mambo haya yametokea katika mikoa yetu, na si mara moja. Mungu anayemlisha mchwa gizani amemwona pia mjane huyo, naye atatuuliza tulikuwa wapi.

Zaburi ya 104 inavitaja viumbe vikimngoja Mungu avipe chakula kwa wakati wake. Nasi tumo katika orodha hiyo, tukingoja mvua pamoja na mchwa. Msimu ujao, uyoga utakapofika mezani, baba au mama wa nyumba awasimulie watoto umetoka wapi na nani aliulima, kisha ndipo aombee chakula.